Kifilimbi cha Herufi S

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili usipoteze muda kumtafuta mwingine, maana kisa hiki kina watu wanne, na watatu wana akili zao timamu.

Mimi ni fundi wa vigae. Watu wananiita Goti, kwa kuwa nusu ya maisha yangu nimeipitisha nimepiga magoti, na si kwa ibada. Nimeanguka na ngazi mara mbili, nimekimbiwa na makandarasi ambao hadi leo nikiwaona kwa mbali nao wanavuka barabara, na grainda imeninyofoa ncha ya kidole gumba. Mdomo tu ndio uliobaki mzima, na ninautumia kuchokoza watu. Ukiniona nimenyamaza karibu yako, jua ama naumwa ama nina la kuficha.

Baba mkwe ndiye mtu pekee ambaye utani wangu nilikuwa naupima kwanza. Tulihamia kwake mimi na mke wangu mwaka ule mama mkwe alipofariki, ili mzee asikae na kuta. Yeye ni fundi wa cherehani. Meza yake iko barazani, na kila siku kuna cherehani mbili tatu juu yake, za washonaji wa mitaa yote ya jirani. Akiletewa mashine hafungui kitu. Anachukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mti, ncha anaiegemeza kwenye chuma cha mashine, mpini anauweka sikioni, halafu anazungusha gurudumu polepole kwa mkono. Anafumba macho. "Sindano inagusa ndoano ya chini," atasema, "kwa unene wa nywele." Anafungua, na kweli inagusa.

Mimi nilimwelewa tangu siku ya kwanza, kwa sababu hata mimi natumia masikio. Kigae ukishakilaza unakigonga kwa mpini wa nyundo. Kikilia *ko*, kimeshika. Kikilia *po*, kuna hewa chini, na kabla ya mwaka kitapasuka. Fundi wa vigae asiyesikia *po* ni mharibifu wa nyumba za watu. Kwa hiyo usije ukaniambia kwamba sikujua masikio ya fundi yana maana gani. Nilijua. Ndiyo maana kisa hiki kinaniuma.

Sebuleni mzee ana spika mbili alizozitengeneza mwenyewe ujanani, masanduku ya mbao yanayonifika kiunoni, yamepigwa vanishi hadi unajiona. Chini kuna spika kubwa inayotoa ngurumo. Juu yake kuna kale kadogo wanakoita twita, upana wake kama mdomo wa kikombe cha kahawa, utando wake mwepesi kama ganda la kitunguu. Twita haina kazi na ngurumo. Kazi yake ni zile sauti nyembamba: njuga, matoazi, funguo zikianguka sakafuni, na herufi S.

Shika hapo kwenye herufi S.

Mama mkwe alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Alikuwa na mwanya kati ya meno ya mbele, na kila alipotamka S, mwanyani palipita kifilimbi chembamba, kama birika linaloanza kuchemka chumba cha pili. Kuna mwaka mwanafunzi wake mmoja aliugua mguu akashindwa kuja darasani, na mwalimu akamrekodia somo kwenye kanda. Somo la herufi S. "Sasa someni: sisi, siafu, sisimizi, sufuria, sauti." Upande mzima wa kanda, S baada ya S, kifilimbi baada ya kifilimbi. Mwanafunzi alipona, akarudisha kanda. Mwalimu alipoondoka duniani, hiyo kanda ndiyo iliyobaki.

Kila siku saa kumi na mbili jioni mzee ananawa mikono, anakaa kwenye kiti chake katikati ya spika mbili, anamsikiliza mkewe akifundisha S. Dakika ishirini. Mke wangu hakuweza. Kanda ikianza tu, anatoka kwenda uani kupanga vyombo ambavyo tayari vimepangwa. Mimi nilikuwa nakaa na mzee. Nilishajua kusoma, lakini nilikaa.

Amplifaya ni ndogo na ya zamani, na pembeni ya kitufe cha kuzungushia sauti kuna doa jekundu la rangi ya kucha. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyelitia. Sheria ya nyumba ni hiyo: kitufe kisivuke doa.

Sasa twende kwenye ujinga.

Mzee aliitwa kwenye kiwanda kimoja cha kushona sare, mji wa pili, akatengeneze mashine zao. Siku mbili. Akaniachia kazi: nibadilishe vigae vya bafuni. Asubuhi mke wangu, ambaye anauza kwenye duka la dawa, alikuwa mlangoni anavaa viatu.

"Ukiwasha muziki wa Baba," akasema, "doa jekundu unaliona?"

"Nina macho, mke wangu."

"Najua unayo. Nimekuuliza kama unaliona."

"Naliona. Ila na nyinyi mnaziogopa hizi spika kama mayai. Spika ni mdomo. Umewahi kuona mtu ameharibika mdomo kwa kupiga kelele?"

"Nimeolewa naye," akasema, akaondoka.

Nikabaki peke yangu na vigae, grainda na masanduku mawili yanayong'aa. Grainda inapokata kigae inalia kama jini aliyebanwa mlangoni, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nikaamua kuwa mwangalifu. Nikachukua pamba, ambayo nyumbani kwetu haikosekani, nikaviringisha madonge mawili, nikaziba masikio. Vizuri kabisa. Halafu nikataka muziki.

Nikawasha, kitufe kwenye doa. Sikusikia kitu. Nikaongeza. Kwa mbali, kama harusi ya watu usiowajua. Nikaongeza tena, nikarudi bafuni, nikawasha grainda, muziki ukapotea. Nikarudi sebuleni, nikakizungusha kitufe mpaka kikagoma chenyewe. Sasa ndiyo nikausikia muziki, wa kiasi tu, wa kistaarabu. Nikafanya kazi asubuhi nzima naimba. Majirani walipita nje wakinipungia mikono kwa nguvu, na mimi nikawapungia, nikafikiri leo watu wana furaha.

Kuna wakati nilisikia harufu. Kama nywele zilizopita karibu na mshumaa. Nikaitazama grainda, nikaipumzisha, nikaendelea.

Saa tisa nikamaliza. Nikatoa pamba. Muziki ulikuwa bado unalia hadi madirisha yanatetemeka, nikakimbia kupunguza mpaka kwenye doa. Ndipo nikaona sauti ina kitu. Mwimbaji alikuwa kama anaimba ndani ya blanketi. Ngoma zipo, besi ipo, lakini matoazi hakuna, na maneno yote yana ukungu. Nikasema ni masikio yangu, yamechoshwa na grainda. Nikazima, nikaoga, nikalala mapema kama mtu mwema.

Asubuhi nikagonga vigae vya bafuni kimoja kimoja. *Ko, ko, ko, po.* Nikakibandua kile cha *po*, nikakilaza upya. Masikio yalikuwa mazima kama kengele. Nikaenda sebuleni, nikawasha muziki kwa chini kabisa. Blanketi.

Nikapiga magoti, nikaweka sikio kwenye twita ya kushoto. Kimya. Ya kulia. Kimya. Nimewahi kupiga magoti mahali pengi, ila pale nilikaa muda mrefu.

Uongo niliuandaa bafuni, nikiwa naziba mistari ya vigae: umeme ulirudi kwa nguvu. Uongo mzuri, hauna mwenyewe. Mzee akirudi, akiuliza, ninao mkononi.

Alirudi siku ya pili mchana, amechoka, kafurahi, akavisifu vigae. Saa kumi na mbili akanawa mikono, akakaa. Mke wangu akaenda uani. Kanda ikaanza.

"...someni..." akasema mama mkwe, ndani ya blanketi. Siafu wakatoka bila miguu. Sufuria ikatoka kama *fufuria*.

Mzee akainua kichwa. Akajifikicha sikio moja, kisha la pili. Akapiga chafya ya kulazimisha, ya kuzibua. Akasubiri. Kisha akanigeukia. Mimi nikawa tayari na umeme wangu. Lakini hakuuliza nilivyotegemea.

"Mkwe wangu," akasema taratibu, "kile kifilimbi chake. Wewe unakisikia?"

Hebu ona jinsi mlango unavyofunguka mwenyewe. Nikisema sikisikii, atajua ni spika, na atauliza nani alikuwa nyumbani. Nikisema nakisikia, basi.

"Nakisikia, Baba."

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama anamkubalia mtu asiye chumbani. "Basi ni mimi," akasema. "Ni zile mashine za kiwanda. Siku mbili katikati ya cherehani arobaini. Nilihisi." Akazima kanda kabla haijafika kwenye *sauti*.

Nilidhani nimepona. Usiku nilitania mezani mpaka mke wangu akaniuliza nimekunywa nini.

Siku iliyofuata nilimkuta mzee barazani, bisibisi sikioni, anazungusha gurudumu la cherehani moja, anasimama, anazungusha tena. Kazi ambayo huwa ya dakika moja ilimchukua asubuhi nzima.

"Vipi Baba, sindano imekunyima habari?"

"Nasikia inagusa," akasema. "Tatizo sijui nasikia kweli au nakumbuka. Mashine hizi nimezishika miaka mingi, najua zinasema nini hata zikinyamaza." Akaiweka bisibisi chini. "Mtu akishona nguo ya mteja kwa mashine niliyoikisia, nani atamlipa kitambaa?"

Aliacha kusikiliza kanda. Saa kumi na mbili ikifika ananawa mikono, halafu anakaa na mikono yake misafi. Mke wangu alitoka uani siku ya tatu, akashangaa hakuna sauti ya kukimbia.

"Baba ana nini?" akaniuliza jikoni.

"Amechoka."

"Amechoka masikio? Ameniambia nimpigie simu mshonaji wa mtaa wa pili aje achukue mashine yake, yeye haiwezi. Na yule wa karibu na kisima. Wote. Nimemwambia twende hospitali wampime, anasema wampime nini, mkwe wake ameshampima." Akanitazama. "Umempima nini wewe?"

"Utani tu," nikasema. Nikanyanyua ndoo ambayo haikuwa na haja ya kunyanyuliwa, nikaenda nayo uani. Tukawa sasa wawili wa kukimbilia uani.

Nilijiambia kesho nitasema. Kesho zikawa sita. Nilianza kuona kazini nagonga kigae kilekile mara nne. Kinasema *ko*, nami nakisikia kinasema *muongo*. Wenzangu wakanitania, nikakosa jibu. Fundi mmoja wa plasta akasema, "Goti anaumwa, mleteeni uji." Sikuumwa.

Siku ya nane jioni mzee akaniita barazani. Meza ilikuwa karibu tupu: mashine mbili zilishapakiwa kwenye mkokoteni, imebaki moja, ya yule mshonaji wa mtaa wa pili, ambaye angekuja keshokutwa kwa kuwa alikuwa safarini. Mzee alikuwa ameishika ile bisibisi, ameifuta mafuta. Mpini wake umelika upande mmoja kwa kufuata umbo la sikio lake.

"Chukua," akasema. "Huu mti ni mgumu kuliko wa nyundo yako. Utakufaa kugongea vigae. Kwangu itakaa tu."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo kusema. Kilichotoka ni: "Asante, Baba."

Sikulala. Si kwa sababu ya wema. Nilikuwa nimeiweka bisibisi chini ya mto, na ilinichoma shavu.

Asubuhi mzee alitoka kuwarudishia washonaji wawili mashine zao kwa mkokoteni, kuwaomba radhi ana kwa ana. Mke wangu alikwenda dukani. Nikazifungua spika. Twita zile mbili nikazifunga kwenye taulo kama watoto wachanga, nikakimbia nazo kwa Waya.

Waya ni fundi wa redio, mwembamba kama jina lake, mwenye kibanda chenye kizingiti kilichomeguka na kinachokwaza kila mteja. Alizigusa twita kwa ncha za mita yake. Mshale haukutikisika.

"Zimekufa," akasema. "Zote mbili. Nani amefanya haya?"

"Umeme," nikasema. Ule uongo nilikuwa sijautumia bado, nikaona usioze.

"Umeme ungeua amplifaya kwanza. Amplifaya inalia?"

"Inalia."

"Basi ni mkono wa mtu. Ulifungua sauti mpaka wapi?"

"Mpaka... mbele kidogo."

"Goti."

"Mpaka mwisho. Lakini Waya, amplifaya yenyewe ndogo, haina nguvu hata ya kuua nzi! Na spika kubwa vile! Sauti haiui spika."

Waya akacheka, si cheko zuri. "Hapo ndipo mnapofia wengi. Ingekuwa kubwa ingekuwa afadhali. Ndogo ukiilazimisha inashindwa kuyapandisha mawimbi ya sauti, inayakata vichwa. Yanatoka yana bapa juu, kama mtu aliyenyolewa kwa rula. Na kule kukatwa kunazaa makali ambayo hayamo kwenye muziki, na makali yote, bwana wee, njia yao ni moja tu." Akagonga twita kwa kucha. "Humu ndani kuna waya umeviringwa, mwembamba kuliko unywele. Unapata moto, unapata moto, unakatika. Hukusikia sauti inakwaruza?"

"Sikusikia."

"Haiwezekani. Mtaa mzima ungesikia."

Nikawakumbuka majirani waliokuwa wananipungia mikono. "Nilikuwa na pamba masikioni," nikasema.

Waya aliweka mita chini. Akainama chini ya meza, nikadhani anatafuta vipuri. Alikuwa anacheka.

Alikuwa na twita mbili za kufanana ukubwa, ila mpya, za aina nyingine. "Zina ukali kidogo," akanionya. "Mwenye sikio atajua."

"Mwenye sikio anasema hana sikio."

"Kwa nini anasema hivyo?"

Kwa malipo nilimtengenezea kile kizingiti, vigae sita, nikavigonga kwa mpini wa bisibisi ya mzee kwa sababu nyundo niliisahau. Kila kimoja kilisema *ko*, safi kuliko nilivyowahi kusikia. Waya akazifunga twita kwenye taulo, tukawa sawa. Saa tisa nilikuwa nimeshazirudisha kwenye masanduku, nimekaza skrubu, nimefuta alama za vidole. Nikajaribu muziki kwa chini. Matoazi yakaruka sebuleni kama cheche. Nikakaribia kulia kwa raha. Mpango ulikuwa mwepesi: mzee atasikia, ataamini masikio yamerudi, atachukua bisibisi yake, nami nitakuwa nimetengeneza kila kitu bila kumvunja mtu moyo. Hasa moyo wangu.

Jioni mzee alirudi, mkokoteni mtupu. Alinawa mikono, akakaa.

"Baba," nikasema, "leo tusikilize kanda."

"Ya nini?"

"Basi tu. Mimi nimeikosa."

Nadhani alinihurumia. Akaiweka. Mke wangu alikuwa anavuka sebule kwenda uani kama kawaida, hakufika.

"Sasa someni," akasema mama yake. "Sisi. Siafu. Sisimizi."

Na kifilimbi kikapita, chembamba, kikali, kila S na chake. Mke wangu aliganda mlangoni, kiganja mdomoni. Tangu mazishi hakuwa amekisikia. Mimi nilimtazama mzee, nikingoja uso ufunguke.

Haukufunguka. Aligeuza kichwa kushoto kidogo. Akageuza kulia. Akainuka, akaenda kwenye spika moja akainama, akaenda kwenye ya pili, kama daktari anayesikiliza kifua.

"Kifilimbi kimerudi," akasema. "Lakini mama yenu hakuwa na meno ya bati."

"Labda... labda ndiyo masikio yanazoea, Baba. Yakirudi huwa yanaanza na ukali."

Alipitisha kidole gumba juu ya skrubu za twita, moja baada ya nyingine. "Skrubu zangu," akasema, "mimi nikimaliza kukaza, mfereji wa kichwani nauacha umesimama wima. Zote. Tangu nikiwa kijana. Hizi zimelala kama walevi." Akazima kanda. "Nani amefungua spika zangu?"

Mke wangu hakuuliza nani. Alinitazama tu, mtu mmoja, moja kwa moja.

Nikasema. Nilisema yote niliyoyaficha, ingawa si kwa mpangilio mzuri: vigae, grainda, kitufe, harufu ya nywele, blanketi, Waya, kizingiti. Wakati namaliza nilikuwa nimeshapiga magoti bila kujua, mazoea ya kazi. Mzee alisikiliza kama anavyosikiliza mashine, macho kafumba. Kisha akanyoosha mkono.

"Bisibisi yangu."

Nikaikimbilia, nikamletea. Akatoka nayo barazani, tukamfuata. Ilibaki ile mashine moja. Akaegemeza ncha kwenye chuma, mpini sikioni, akazungusha gurudumu. Safari hii mzunguko mmoja tu.

"Inagusa," akasema. "Unene wa nywele." Akamgeukia bintiye. "Mpigie huyo mshonaji. Mwambie akija kesho ataikuta imepona."

Mke wangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, akaingia ndani kutafuta simu. Na mimi, kwa furaha ya kuona mzee amerudi mezani kwake, nikasahau kwamba mtu aliyeponea chupuchupu anatakiwa anyamaze. Ulimi ukarudi kazini.

"Unaona, Baba," nikasema, "mambo yamekwisha salama. Na kwa kweli ukiangalia, kosa si langu lote. Ile amplifaya ingekuwa kubwa, Waya mwenyewe kasema, yasingetokea."

Mzee alikuwa anatafuta bisibisi ndogo. "Doa jekundu ulilivuka?"

"Nililivuka, lakini sikusikia kama ni sauti kubwa. Pamba, Baba."

"Harufu?"

"Nilidhani ni grainda."

"Majirani?"

"Niliona mikono tu, maneno sikusikia. Pamba ile! Mke wangu anauza pamba nzuri mno." Nikacheka, nikitegemea atacheka. "Mtu ameziba masikio, utamlaumu vipi kwa alichoshindwa kusikia? Ukitaka haki, Baba, wa kushtakiwa ni pamba."

Mzee alilegeza skrubu ya kwanza ya mashine, akaiweka kwenye kifuniko ili isipotee. Akaniangalia, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Jioni niliyokuuliza kama unakisikia kifilimbi," akasema, "pamba ulikuwa bado nayo?"